Namna ya kupiga picha ya mti mkongwe usiku: mbuyu wa misheni ya Bagamoyo na miti mingine ya pwani

Picha nyingi za miti mikubwa zinazopigwa usiku zinafanana. Shina jeusi, taa imewaka nyuma yake, nyota chache juu, na ukifuta jina la mahali hakuna atakayejua kama ule ni mbuyu wa Bagamoyo au wa Kilifi. Mwongozo huu unahusu namna ya kuliepuka hilo. Mti wa bustani ya kihistoria ulipandwa au ulitunzwa na watu fulani, kwa sababu fulani, na mwili wake una alama za maisha hayo. Kazi yako usiku ni kuuonyesha mti huo mmoja kiasi kwamba anayeufahamu autambue mara moja.

Mfano nitakaoshika zaidi ni mbuyu ulio katika viwanja vya misheni ya Kikatoliki Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar na kuanza misheni hiyo mwaka 1868, na mbuyu unahesabiwa kuwa wa mwaka huohuo. Hapo hapo kuna njia ya miembe waliyoipanda miaka ya mwanzo ya 1870, na mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone uliwekwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Ni eneo dogo lenye mambo mengi, na giza lake bado ni giza la kweli. Ukilimudu hapo, utaweza pia kwenye Mti Mkubwa wa Zanzibar, mibuyu ya Mama Ngina kule Mombasa, au bustani ya mimea ya Amani.

Hatua ya 1: Nenda mchana kwanza

Fika saa tisa au saa kumi alasiri, jua likiwa limeanza kulala, uuzunguke mti taratibu bila kutoa kamera. Unatafuta upande wenye sura. Kila mti mkongwe unao: pengine ni kovu la tawi lililokatika, pengine ni mzizi ulioinuka juu ya ardhi, pengine ni mahali ambapo shina limegawanyika. Ukishaupata, zunguka tena ukiwa na simu, piga picha za haraka kutoka pembe mbalimbali, na uandike kila pembe inaelekea wapi kwa dira. Usiku hutakumbuka.

Mbuyu wa Bagamoyo una alama yake yenyewe. Kwenye shina lake kumechomoza kipande cha mnyororo. Inaelezwa kuwa mwaka 1895 Madame Chevalier, aliyekuja kujitolea misheni, alizungushia mti mnyororo ili amfunge punda wake. Mnyororo ukaachwa pale, mti ukaendelea kunenepa, ukaumeza. Kilichobaki nje hakifiki urefu wa mkono. Inama ukitazame kwa karibu: gome limefumba kuuzunguka mnyororo kama mdomo, na chuma chenyewe kimeshika kutu ya kahawia iliyokoza, wakati gome ni la kijivu chenye kung'aa kidogo. Tofauti hiyo ya rangi na ya mng'ao ndiyo utakayoitafuta kwa tochi baadaye. Watalii wengi hupiga mbuyu mzima na kuondoka bila picha moja nzuri ya mnyororo.

Mbuyu huu una jambo jingine la kukufunza kabla hujaandika maelezo chini ya picha. Una miaka mia na hamsini na kitu tu, na tayari ni mnene kiasi cha kuhitaji watu kadhaa walioshikana mikono kuuzunguka. Kwa hiyo unene hauthibitishi umri. Mbuyu huota mashina yanayoungana, huwa na uwazi ndani, na pete zake hazihesabiki kwa uhakika kama za miti mingine. Wataalamu hulazimika kupima kaboni. Acha kuandika "mti wa miaka elfu moja" kwa sababu tu umeuona mkubwa.

Angalia pia mti uko katika msimu gani. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa ukavu, na ukiwa mtupu matawi yake yanaacha anga ipite. Hapo ndipo unapofaa kupigwa na nyota. Ukishachipua majani, usiku unageuka kuwa rundo zito, na utahitaji mwanga wa pembeni. Mwembe hauna hiari hiyo. Majani yake ni mazito mwaka mzima, na njia ya miembe ya misheni hupigwa vizuri zaidi ukisimama mwanzoni mwa safu, ukiacha mashina yafuatane kuingia gizani.

Hatua ya 2: Ruhusa, na watu wenye mti

Viwanja vya misheni si uwanja wa umma usiku. Nenda ofisini au kwenye makumbusho mchana, ueleze unataka kupiga nini, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, mko wangapi, na kwamba utatumia tochi. Ukikubaliwa, hakikisha umeonana uso kwa uso na mlinzi wa zamu ya usiku kabla jua halijazama. Mlinzi anayekukuta gizani umeinama kwenye shina la mti hajui habari ya barua yako, na ana haki ya kukutilia shaka. Kukiwa na misa au watu wanasali, zima taa zote na usubiri.

Maeneo mengine yana taratibu zake. Zanzibar, Forodhani na Mti Mkubwa viko wazi kwa watu usiku, na mtu mwenye kamera pale ni jambo la kawaida, ila bandari iko jirani: usielekeze lenzi kwenye lango lake wala kwa askari. Mombasa, barabara ya Mama Ngina iko karibu na Ikulu na kivuko cha Likoni, kwa hiyo chagua pembe inayotazama bahari na uwaambie walinzi wa bustani unachofanya. Magofu yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kama Gede na Jumba la Mtwana ambako mibuyu imeota katikati ya kuta za kale, hufungwa jioni, na ruhusa ya usiku huombwa mapema kwa barua. Droni iache nyumbani. Kenya na Tanzania zote zinadai kibali, na juu ya mti wenye popo usiku haina faida.

Kuna ruhusa nyingine isiyo na ofisi. Miti mikongwe mingi ya pwani ina wenyewe. Ukikuta vitambaa vimefungwa, sarafu, chupa ya marashi au kibuyu kwenye mizizi, usikisogeze ili upate picha safi, na usikipige kabla ya kumuuliza mzee wa mtaa. Salamu na maneno mawili matatu ya heshima yanatosha mara nyingi, na huyo huyo mzee ndiye atakayekueleza tawi fulani lilianguka mwaka gani. Akikataa, amekataa. Utapiga upande mwingine.

Hatua ya 3: Chagua usiku wako

Kwa kazi hii kalenda ya Kiislamu ina manufaa kuliko programu yoyote ya simu. Tarehe 14 mwezi hutoka jua linapozama, au karibu na hapo. Kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo usiku wa tarehe 16 utapata saa moja na nusu hivi tangu jua lizame kabla ya mbalamwezi, na kuanzia tarehe 27 hadi mwandamo utakuwa na usiku wa nyota tupu.

Hapa kwetu karibu na ikweta kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya haisemi. Mwezi mpevu hupanda karibu wima, kama nyuzi 15 kwa saa, na ifikapo saa sita usiku unakuwa karibu na utosi. Mwanga ukitoka juu kabisa unamulika majani ya kileleni na kuacha shina lote kwenye kivuli chake. Ukitaka shina lionekane, piga mwezi ukiwa na saa mbili au mbili na nusu tangu utoke, upande wa mashariki. Usiku wa tarehe 14 hiyo ni kama saa 2:30 hadi saa 3:00. Baada ya hapo pumzika, au piga kitu kingine mpaka mwezi uanze kushuka magharibi.

Bagamoyo na Mombasa zinatazama mashariki, kwa hiyo mwezi unatokea baharini. Forodhani inatazama machweo, na pale mwezi hutoka nyuma ya majengo ya Mji Mkongwe. Panga safari yako kwa kufuata hilo.

Upande wa hali ya hewa, miezi ya kusi kuanzia Juni ina anga safi na baridi kidogo, lakini upepo wake unatikisa matawi. Masika usijisumbue. Mimi napenda wiki za mwanzo za vuli, katikati ya mvua moja na nyingine, hewa ikiwa imeoshwa vumbi.

Hatua ya 4: Mkoba

Kamera unayoweza kuipangia mwanga na muda kwa mkono, stendi nzito ya miguu mitatu, lenzi pana ya milimita 20 hadi 35, na nyingine ya 50 au 85 kwa ajili ya sehemu ndogo kama mnyororo. Rimoti, au tumia taimu ya sekunde 2. Betri mbili, maana kuacha shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) wazi muda mrefu kunazila. Tochi mbili: moja ndogo ya kichwani yenye taa nyekundu ya kuonea njia, nyingine ya mkononi yenye mwanga wa joto, wa rangi iliyo karibu na balbu ya zamani. Ukiwa na tochi nyeupe ya LED tu, funika kioo chake kwa kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa na juu yake karatasi nyembamba ya kuokea mikate, ili mwanga ulainike.

Vaa viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu. Nyoka na nge hawaogopi misheni. Paka dawa ya mbu, lakini futa vidole vizuri kabla ya kugusa lenzi, kwani dawa hizo zinaharibu plastiki na kuacha utando kwenye kioo. Beba kitambaa laini cha kufutia chumvi ya bahari. Kama umelala chumba chenye kiyoyozi, toa kamera nje ikiwa ndani ya mkoba wake saa nzima kabla ya kazi, la sivyo lenzi itajaa ukungu dakika ile ile anga inapopendeza.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Ifunge kwenye stendi, weka modi ya usiku, tumia taimu. Simu nyingi zikihisi zimetulia huongeza muda zenyewe, na tofauti na picha ya kushika mkononi ni kubwa.

Hatua ya 5: Jipange kabla ya giza

Weka stendi mahali ulipopachagua, miguu yake mbali na mizizi iliyochomoza. Zima kitulizi cha mtikisiko kwenye lenzi. Fokasi ifanye wakati bado unaona: kuza picha kwenye kioo, lenga mpasuko wa gome, hakikisha ni mkali, kisha hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono na uibane kwa kipande cha gundi ya karatasi. Ukitaka mti na nyota zote ziwe kali, lenzi ya milimita 20 kwa f/2.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni pana) inatosha ukisimama mita 8 hivi kutoka kwenye shina na kulenga shina lenyewe.

Piga faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Rangi za usiku zinabadilika sana wakati wa kusafisha, na faili la kawaida halivumilii.

Hatua ya 6: Kati ya Magharibi na Isha

Jua la pwani yetu huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi wa mwaka, na giza linaingia upesi. Adhana ya Magharibi itakuambia jua limekwenda. Kuanzia robo saa baada ya hapo hadi kama dakika 35, anga inakuwa ya buluu nzito, na mwanga wake unakaribiana na mwanga wa taa za ardhini. Ikifika adhana ya Isha buluu imekwisha kitambo.

Hizo dakika ishirini ndizo za mti wenye majengo karibu, na ndizo ninazozitegemea kwa Mti Mkubwa wa Zanzibar, ule wa jamii ya mitini unaoelezwa kupandwa mwaka 1911 enzi za Sultani Khalifa. Mti uko ukingoni mwa bahari, mbele ya jengo la zahanati ya zamani lenye roshani za mbao zilizochongwa, na ukisubiri giza kamili utapata doa jeusi pembeni ya taa kali. Anza na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8, sekunde 2. Kila dakika chache anga inafifia, nawe ongeza muda: sekunde 4, 8, 15. Usibadilishe kitu kingine. Baadaye utachagua ile ambayo mwanga wa taa na wa anga umelingana.

Taa zenyewe zitazame. Za zamani za sodiamu hutoa rangi ya chungwa inayopaka kila jani; za LED ni nyeupe au za ubaridi kidogo, na mara nyingine ziko zote mbili kwenye mti mmoja. Weka rangi ya kamera kwenye kelvini 3500 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), uache taa za chungwa zibaki na joto lao. Ukizilazimisha kuwa nyeupe, anga itageuka zambarau.

Watu wanaopita wasikusumbue. Shata ikibaki wazi sekunde 15, anayetembea hafiki kwenye picha, na aliyeketi chini ya mti akitulia anabaki. Mwombe mmoja aketi. Mtu mmoja chini ya mti mkubwa huonyesha ukubwa wake vizuri kuliko maelezo yoyote.

Hatua ya 7: Mbalamwezi

Rudi Bagamoyo. Mwezi mpevu uko nyuzi 30 juu ya bahari, taa za misheni ziko mbali. Weka ISO 800, f/4, sekunde 10 hadi 15. Ukitaka picha safi isiyo na chenga, yaani vile vipunje vya rangi vya gizani, shuka ISO 200 na uongeze muda hadi dakika moja, upepo ukiwa umetulia. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, usiamini kioo. Gizani kioo huonekana king'avu kuliko picha yenyewe.

Jihadhari na muda mrefu mno. Mbalamwezi ni mwanga wa jua uliorudishwa na mwezi, na ukiiachia shata wazi kupita kiasi utapata anga ya samawati na majani ya kijani, yaani picha ya mchana yenye vivuli vya ajabu. Ipunguze mpaka vivuli viwe vivuli. Rangi iweke kelvini 4000.

Simama ambapo mwezi uko ubavuni mwako, si mgongoni. Mwanga wa ubavuni unapita juu ya gome la mbuyu na kila mkunjo unatupa kivuli chake. Mwezi ukiwa mgongoni shina linakuwa bapa. Na mwezi ukiwa mbele yako, nyuma ya matawi, unapata umbo tupu. Ni picha ya kupendeza kwa mbuyu usio na majani, lakini ujue umeamua kuacha gome na mnyororo.

Hatua ya 8: Usiku wa nyota

Kwa nyota, ISO 3200, f/2.8. Muda ndio wenye mjadala. Kanuni inayojulikana ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, ambapo lenzi ya milimita 24 inakupa sekunde 20. Kwetu ni nyingi mno. Nyota zinazopita juu ya vichwa vyetu ziko kwenye sehemu ya anga inayokwenda kwa kasi kubwa zaidi, na zitakuwa vijistari virefu. Gawa 300 badala yake: sekunde 12 hivi kwa lenzi hiyohiyo. Kamera yenye sensa ndogo, punguza tena kwa theluthi.

Ukanda wa Njia Nyeupe hupita juu sana majira ya jioni kuanzia Juni hadi Septemba, na sehemu yake angavu zaidi iko karibu na utosi. Hapo piga ukiwa umekaa chini kabisa, lenzi inatazama juu kupitia matawi. Kuanzia Novemba kundi la nyota la Kilimia linapanda jioni upande wa kaskazini mashariki, na kwa mbuyu unaotazama bahari ya Bagamoyo ni pambo zuri lisilohitaji lenzi ya bei. Epuka kuelekea kusini. Kuna mwanga wa Dar es Salaam upeoni.

Wapenda michirizi ya nyota nao wana chao. Vitabu huonyesha duara kuzunguka nyota ya ncha. Huku ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, imefichwa na miti na nyumba, na ukielekea kusini utapata matao, nusu duara juu ya mti. Ukielekea mashariki michirizi inapanda karibu wima, na mbuyu mtupu chini ya mistari hiyo iliyosimama ni picha ambayo mtu wa Ulaya hawezi kuipiga kwao. Piga nyingi za sekunde 30 mfululizo kwa muda wa saa nzima, kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Kumbuka kuzima kipunguza chenga cha shata ndefu, kwani kitakuachia mapengo kati ya picha na picha.

Hatua ya 9: Kupaka mwanga kwa tochi

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Kosa la kawaida ni kusimama kando ya kamera na kumwagia mti mwanga. Shina linakuwa jeupe, bapa, halina umri. Tochi isitoke kamwe mahali kamera ilipo.

Fanya hivi kwa mbuyu mzima. Kamera iwe ISO 400, f/8, sekunde 30. Funga rimoti au weka taimu ndefu, kisha tembea kwenda kushoto mpaka wewe, mti na kamera mfanye pembe mraba. Simama mita 5 au 6 kutoka kwenye shina. Shata ikifunguka, washa tochi na uipeleke juu na chini ya shina bila kusimama mahali pamoja, sekunde 10 hivi. Zima. Nenda upande wa kulia, mbali zaidi, kama mita 10, upake sekunde 3 au 4 tu, ili kivuli kisiwe shimo. Vaa nguo nyeusi, na mwili wako usikatize kati ya tochi na lenzi. Tazama matokeo, rekebisha sekunde, rudia. Kila mara itatoka tofauti kidogo, hilo lisikukere.

Matawi ya juu yape nusu tu ya mwanga wa shina, au usiyape kabisa. Mti uliomulikwa kote hadi nchani unaonekana umetolewa katika giza lake na kubandikwa. Mimi huacha juu kwa mwezi na nyota, nashughulika na chini kwa tochi.

Sasa mnyororo. Badilisha lenzi, weka ile ya milimita 85, stendi iwe chini, kamera mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye shina. ISO 200, f/11, sekunde 8. Tochi ishike karibu sana na gome, pembeni, mwanga ukiteleza juu ya gome badala ya kuligonga. Ukiwa sambamba hivyo, kila pete ya mnyororo itatupa kivuli kirefu na mdomo wa gome utaonekana unene wake. Ihamishe tochi kwa upana wa kiganja tu, na picha nzima inabadilika: kutu inang'aa au inazama. Hapa tumia muda wako wote uliobaki. Usiuguse mnyororo, wala usiupanguse vumbi.

Kwenye ukungu wa Amani, ile bustani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 milimani Usambara Mashariki, njia hii haifanyi kazi. Mwanga unaishia hewani. Pale weka tochi nyuma ya shina, ikielekea kamera lakini imefichwa na mti, uache ukungu wenyewe uwake.

Hatua ya 10: Mbuyu ukiwa na maua

Ukibahatika kufika wakati wa maua, karibu na vuli, badilisha mpango wote. Ua la mbuyu huning'inia kwa kikonyo kirefu na hufunguka jioni. Petali nyeupe hujikunja nyuma na kitita cha nyuzi kinabaki chini. Kesho yake linanyauka. Popo walao matunda huja kunywa asali yake na kubeba chavua.

Chagua ua la tawi la chini lililovimba na kuonyesha weupe saa 12 jioni. Simama na lenzi ya 85 au ndefu zaidi, ISO 1600, f/5.6, na tochi hafifu iliyofunikwa, ikitoka pembeni. Ukitaka kufunguka kwake, piga moja kila dakika. Popo waache. Flashi za mfululizo zinawafukuza kwenye chakula chao, na ua lisilotembelewa halizai buyu.

Hatua ya 11: Kuondoka, na kazi ya mezani

Kabla ya kuondoka mulika chini uangalie umeacha nini: kipande cha gundi, betri, karatasi. Usipigilie msumari, usiwashe mshumaa wala ubani kwenye uwazi wa mbuyu kwa ajili ya picha. Ndani ya shina kuna nyuzi kavu, na miti ya aina hii imewahi kuungua kutokea ndani. Mwage mlinzi.

Mezani, rekebisha rangi kwanza, kisha mwanga. Ondoa chenga kwa kiasi, kwa sababu programu hufuta na mikunjo ya gome pamoja nazo. Kuza sehemu ya shina uone kabla ya kukubali. Pinga hamu ya kuinua vivuli vyote. Nyota ulizozipiga zibaki idadi yake, na usibandike mwezi wa picha nyingine.

Chini ya picha andika aina ya mti, mahali, tarehe, na kama ulitumia tochi. Habari za mti zitenge: linalojulikana liandike wazi, na linalosimuliwa liandike kuwa linasimuliwa, kama ule mwaka wa punda. Kisha chapa nakala moja kwa ukubwa wa A4 na uipeleke kwa aliyekupa ruhusa. Nyuma yake andika kwa penseli mwaka na upande wa dira uliosimama, ili baada ya miaka kumi mtu asimame palepale na kupima mnyororo umebaki kiasi gani nje.